Camaro ya 1969 yenye injini ya LS3 kwa dola 89,000: ninunue au niachane nayo?

*"Mtaalamu, habari za kazi. Nimepata Chevrolet Camaro ya 1969 inayouzwa na mtu binafsi huko Ohio. Imefungwa injini ya LS3 (ya kisasa, ya General Motors au GM, kampuni mama ya Chevrolet), giaboksi ya otomatiki ya 4L60E, breki za diski magurudumu yote manne, suspensheni mpya ya mbele na rangi inayong'aa kama kioo. Ina nembo za SS (Super Sport, toleo la kiwandani la kasi). Anataka dola 89,000, na anasema ametumia 120,000. Risiti alizonitumia zinaonyesha 38,000 za bodi na rangi, 22,000 za injini na giaboksi, 16,000 za breki na suspensheni, 11,000 za viti na dashibodi, na 33,000 za 'kazi na mengineyo'. Minadani naona zinazofanana nayo zimeuzwa kati ya 60,000 na 75,000. Marafiki wananiambia nakwenda kuibiwa. Mimi nataka gari la wikendi na la safari ndefu, si la kufungia gereji nikisubiri bei ipande. Je, ninunue, nijadiliane au niachane nalo? Na nikienda kuliona nianzie wapi?"*

Ndugu, umeuliza mambo mawili kwa pamoja, na ni heri tuyatenganishe. La kwanza ni kama bei imezidi. Kwa maelezo yako, imezidi. La pili ni kama gari lenyewe limejengwa vizuri, na hili ndilo litakaloamua kama utacheka au utalia. Camaro iliyojengwa kwa uangalifu, hata ukiizidishia dola elfu saba, utazisahau kabla tairi hazijaisha. Iliyojengwa ovyo, hata ukipunguziwa elfu ishirini, itazila zote na kudai nyingine.

Tuanze na risiti, maana ndizo anazokutishia nazo. Risiti inathibitisha kwamba fedha zilitoka, basi. Gharama ya kushona gauni la harusi haimlazimishi mtu wa pili kulinunua kwa bei ileile. Saa za fundi zikishatumika hazirudi, kipuri kikishafungwa kinakuwa cha mkononi siku hiyohiyo, na ladha ya mwenye gari (rimu zake, rangi yake, usukani wake) inapunguza idadi ya watakaolitaka. Gari lililobaki na injini yake ya kiwandani lina wanunuzi wanaolipima kwa vigezo vilevile. Lililobadilishwa, kila mnunuzi anakuja na vigezo vyake, na kila kisichompendeza anakitoa kwenye bei.

Hata hivyo, usizitupe risiti hizo. Zisome. Ile 38,000 ya bodi na rangi isikushtue: kunyoosha bodi ya gari la umri huu hadi milango ikae sawa na rangi itoke kama kioo ni kazi ya mamia ya saa. Saa 300 kwa dola 100 kwa saa tayari ni 30,000, kabla hujanunua rangi. Hiyo ndiyo risiti yenye thamani kuliko zote, mradi ina picha za hatua ya chuma kitupu. Inayonipa mashaka ni ile 33,000 ya "kazi na mengineyo", ambayo ni zaidi ya robo ya jumla. Mwombe aichambue: kazi ipi, saa ngapi, fundi yupi, tarehe ipi. Mara nyingi ndani ya fungu la namna hii mna kazi iliyofanywa mara mbili kwa sababu mara ya kwanza iliharibiwa, na hakuna sababu ya wewe kulipia makosa ya fundi wake wa kwanza.

Marafiki zako nao wana nusu ya ukweli. Kulipa zaidi ya bei ya mnada si lazima kuwe kuibiwa. Ukiamua kuanza na bodi yenye kutu na kujenga gari kama hili mwenyewe, nawe utafika kwenye takwimu zenye tarakimu sita, na huenda ukasubiri miaka miwili au mitatu. Kwa hiyo gari lililokamilika, linalouzwa chini ya gharama ya kulijenga, laweza kuwa nunuo la busara kwa mtu anayetaka hasa gari la namna hiyo. Kigezo ni hiki: hesabu tu mabadiliko ambayo wewe mwenyewe ungeyafanya. Kama rimu zake za inchi 20 ungezitoa, thamani yake kwako ni sifuri, hata kama risiti inasema elfu nne.

Tangazo la muuzaji limeanza na injini. Wewe anza na utambulisho na bodi, nenda kwenye nyaya, injini ije mwisho. Sababu yake ni gharama ya kurekebisha. LS3 mpya inauzwa na GM wenyewe ikiwa ndani ya kreti. Ikifa, unaagiza nyingine na fundi anaifunga. Bodi iliyooza chini ya rangi ya dola elfu kumi haina kreti. Itabidi rangi yote ivuliwe.

Namba ya chesisi iko juu ya dashibodi upande wa dereva, na inasomeka kupitia kioo cha mbele. Ya Camaro ya 1969 ina herufi na tarakimu 13. Ile 1 ya mwanzo ni Chevrolet. 24 ni Camaro iliyozaliwa na V8, na 23 ni ya silinda sita. 37 ni paa la chuma, 67 paa la kukunja. 9 ni mwaka. N ni kiwanda cha Norwood, Ohio, na L ni cha Van Nuys, California. Sita za mwisho ni namba ya mfululizo. Utaona kwamba hakuna mahali panapotaja SS. Hapo ndipo wengi wanapoliwa. Kwa Ford na Chrysler za miaka hiyo, namba ya chesisi inabeba msimbo wa injini. Chevrolet hawakufanya hivyo hadi 1972. Tena Ford za kuanzia 1967 zina Marti Report, ripoti ya kumbukumbu za kiwandani za kila gari, na Pontiac wana kumbukumbu za namna hiyo kwa PHS (Pontiac Historic Services), lakini Camaro iliyouzwa ikiwa mpya Marekani haina ofisi ya kuiandikia ikuletee jibu. Ushahidi wa SS ni karatasi za asili: karatasi ya kiwandani ya kuundia gari, hati ya mauzo ya wakala wa kwanza, au kile kibamba cha chuma cha dhamana kiitwacho Protect-O-Plate. Baadhi ya magari ya Norwood yana msimbo unaoanza na X kwenye sahani iliyo ukutani mwa chumba cha injini. Unasaidia, ila peke yake haumalizi ubishi.

Kama hana karatasi, lichukulie kuwa Camaro ya kawaida yenye nembo za kununua. Hilo si kosa kwa gari ambalo injini yake imeshang'olewa, ila usilipe hata senti kwa ajili ya herufi hizo mbili. Na kama karatasi zipo na SS ni ya kweli, muulize injini ya asili iko wapi. Ikiwa bado imelala gerejini kwake, iingie kwenye bei.

Kuna jambo zito zaidi kwenye namba. Bodi nzima mpya za Camaro ya 1969 zinatengenezwa hadi leo, Dynacorn wakiwa ndio wanaojulikana zaidi. Bodi mpya yaweza kuwa bora kuliko ya zamani. Tatizo linaanza pale mtu anapobandua kibati cha namba kwenye mzoga na kukipigilia kwenye bodi mpya kimyakimya. Sheria ya shirikisho ya Marekani inakataza kuondoa au kubadili namba ya chesisi isipokuwa kwa hali chache, na kila jimbo lina utaratibu wake wa kusajili gari la namna hiyo. Angalia ribiti za kibati: za kiwandani zina kichwa chenye umbo la ua la petali sita. Ribiti za kawaida za mviringo ni sababu ya kusimama. Namba fupi ya chesisi imegongwa pia kwenye chuma cha ukuta wa mbele, nyuma ya boksi la hita, na nyingine iko chini ya paneli yenye matundu iliyo mbele ya kioo. Mwombe muuzaji picha ya angalau moja. Aliyevua gari hadi chuma kitupu anayo, au anajua pa kuipata. Historia ya mtandaoni kama Carfax haitakusaidia hapa, kwa kuwa mfumo huo unategemea namba za tarakimu 17, ambazo zilianza mwaka 1981.

Sasa bodi. Camaro ya kizazi hiki haina chesisi nzima. Fremu ya mbele inayobeba injini imefungwa kwa bolti kwenye bodi, na kuanzia hapo hadi nyuma bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu. Kwa hiyo kutu kwenye sakafu au reli za nyuma ni udhaifu wa gari zima. Na gari la Ohio, kama lilitembea majira ya baridi, limelamba chumvi ya barabarani kwa miaka.

Adui wa kwanza amejificha mbele ya kioo. Chini ya ile paneli yenye matundu karibu na waipa kuna mfereji unaopokea maji ya mvua. Majani yanaoza humo, unyevu unakaa, chuma kinatoboka kutoka ndani, na maji yanashuka miguuni mwa dereva na abiria. Kukarabati vizuri kunadai kukata sehemu iliyochomelewa kiwandani, kwa hiyo wengi huipaka dawa na kuifunika. Omba ruhusa, mwaga lita nne au tano za maji polepole kwenye matundu hayo, kisha inua zulia pande zote mbili na upapase kwa mkono. Maji yanapaswa kutoka nje, nyuma ya madigadi za mbele. Akikataa maji yasimwagwe kwenye gari la dola 89,000, umeshapata jibu.

Kisha nenda kwenye buti. Toa zulia, angalia pembe ambapo sakafu inakutana na bodi ya pembeni. Pita chini ya kioo cha nyuma, hasa kama gari liliwahi kuwa na paa la vinaili, maana chini yake maji hunaswa. Lala chini ukague reli za nyuma pale springi za majani zinapofungwa, na sehemu ya sakafu inayopokea bolti za fremu ya mbele. Gonga kwa mpini wa bisibisi: chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa mlio mfu. Lami nyeusi mpya iliyopakwa chini yote ni ishara mbaya. Fundi anayejivunia uchomeleaji wake hupenda uonekane.

Nunua au azima kipima unene wa rangi na ukipitishe kila paneli, sehemu za chini zaidi. Rangi ya kiwandani kwa kawaida huwa kama mikroni 100 hadi 150, na iliyorudiwa vizuri yaweza kufika 300 au zaidi kidogo. Ukikuta 250 mlangoni halafu ghafla 900 au 1,200 chini nyuma ya tairi, hapo pana puti nene. Puti nyembamba ya kusawazisha si dhambi, karibu kila gari la maonyesho linayo. Kosa ni puti iliyopakwa juu ya kutu. Paneli hizo zina uwazi nyuma, unyevu unaendelea kuingia kutoka ndani, kutu inaendelea kula, na baada ya mwaka mmoja au miwili rangi inaota malengelenge. Boneti ikiwa ya faiba kipima cha kawaida hakitasoma kitu, kwa hiyo usishtuke.

Kipimo cha mwisho cha bodi hakihitaji kifaa zaidi ya jeki. Fungua na ufunge milango, ukihisi inavyoingia. Kisha inua gari mbele, kwenye fremu, upande mmoja, hadi tairi iache ardhi, uweke stendi, na ufungue mlango wa upande huo tena. Mabadiliko madogo yanakubalika. Mlango ukigoma, au pengo la juu likijifunga waziwazi, bodi inajikunja, na kuipa nguvu za farasi 430 ni kuendelea kuipasua. Tazama pia kama rangi ina nyufa ndogo pale paa linapokutana na bodi ya nyuma.

Likifaulu hapo, pumua. Sehemu ngumu imepita.

Nyaya ndizo zinazolaza magari haya barabarani kuliko injini. Mfumo wa umeme wa 1969 ulihudumia taa, hita na redio, na oltaneta zake kubwa zilikuwa za amperi sitini na kidogo. Ongeza feni mbili za umeme, pampu ya mafuta, kompyuta ya injini na kiyoyozi, na mahitaji yanapita amperi mia. Oltaneta mpya ikitumia waya wa kuchaji wa zamani, waya unageuka hita. Chunguza kama waya huo umebadilishwa kuwa mnene na kama una fyuzi karibu na betri. Feni na pampu ziwe na rilei zake. Waya zinazopita ukutani ziwe na mpira wa kuzikinga. Waya wa aethi uwe mnene, kutoka injini hadi bodi, kutoka bodi hadi fremu, na kutoka betri hadi injini. Ukiona nyaya zimesokotwa kwa vidole na kufungwa kwa utepe, au viunganishi vya kubana vya rangirangi vimezagaa chini ya dashibodi, hesabu kwamba gari linahitaji wayaringi mpya. Kwa kipuri na kazi weka makadirio ya dola elfu tano, na isiwe ajabu ikizidi.

Injini yenyewe: LS3 ni lita 6.2, bloku ya aluminiamu, na ya kreti hutoka na nguvu za farasi 430. Neno "LS" limekuwa la jumla mno, na injini ya lita 5.3 iliyotolewa kwenye pikapu mara nyingine huvalishwa vifuniko vizuri na kuuzwa kwa jina la dada yake. Beba sumaku. Ikishika kwenye bloku, hiyo si LS3, kwa sababu pikapu nyingi za 5.3 na 6.0 zina bloku ya chuma cha kusubu. Isiposhika bado hujathibitisha, kwa kuwa zipo LS nyingine za aluminiamu. Tafuta ukubwa uliochongwa kwenye bloku na risiti yenye namba ya injini. Akikuletea karatasi ya daino (mashine ya kupimia nguvu za gari), uliza ni nguvu za kwenye magurudumu au za kwenye injini. Na asikulinganishie na takwimu za vitabu vya 1969. Hadi 1971 watengenezaji wa Marekani walitangaza nguvu za injini iliyopimwa ikiwa tupu, bila mizigo yake ya kawaida. Hesabu halisi ya injini ikiwa na vifaa vyake ilianza 1972.

Kinachonisumbua kwenye gari hili ni giaboksi. LS3 inatoa nguvu ya kuzungusha ya takriban Nm 575, na 4L60E ya kawaida haikuundwa kwa mzigo huo. GM wenyewe wakiuza LS3 pamoja na otomatiki huifunga na toleo lililoimarishwa la familia hiyo. Za kawaida huunguza klachi za gia ya tatu na ya nne: gari linapanda mizunguko bila kuongeza mwendo linapotoka ya pili kwenda ya tatu. Chomoa kijiti cha oili ya giaboksi. Nyekundu safi ni habari njema, kahawia yenye harufu ya kuungua ni giaboksi iliyo njiani kufa. Uliza nani aliijenga na kwa vipuri gani. Kama hakuna risiti ya kuimarishwa, toa bei ya nyingine.

Kwenye difu, hesabu bolti za mfuniko wa nyuma. Kumi mara nyingi ni ile dhaifu ya inchi 8.2, haifai kuwa nyuma ya LS3. Kumi na mbili ni imara zaidi. Usipoona mfuniko wa bolti nyuma kabisa, huenda ni ya Ford ya inchi 9, ambayo wajenzi wengi huiamini.

Mafuta: sindano za LS zinataka msukumo wa takriban psi 58, yaani baa nne, wakati kabureta iliridhika na psi chache tu. Kwa hiyo mipira yote iwe ya daraja la sindano, iliyoandikwa 30R9. Mpira wa kabureta kwenye msukumo huo ni moto unaosubiri tarehe. Pampu ikae ndani ya tangi, na tangi liwe na vizuizi ndani, la sivyo mafuta yakibaki robo na ukakata kona, pampu inanyonya hewa na injini inakohoa. Angalia pia kibomba chembamba kinachotoka mbele ya silinda hedi kurudi kwenye rejeta au tangi la maji. Kinatoa mvuke na hewa. Aliyekiziba kwa sababu hakujua kazi yake amekuachia injini inayochemka bila sababu inayoonekana.

Kuhusu breki na suspensheni nitakuwa mfupi, kwa kuwa ulichotaja ni kizuri. Geuza usukani hadi mwisho pande zote na uhakikishe mipira ya breki haigusi tairi. Soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT kwenye tairi: 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi zilizopita miaka kumi hazisafiri, hata kama mikato yake ni mipya.

Panga jaribio kabla hujafika. Mwambie muuzaji asiwashe gari siku hiyo, na ukifika gusa injini. Ikiwa ya moto, muulize kwa nini. Washa ikiwa baridi, sikiliza, tazama moshi. Endesha nusu saa, ikiwemo barabara kuu kwa mwendo wa maili 65 hadi 70 kwa saa. Mtikisiko unaokuja kwa mwendo fulani na kuondoka mara nyingi ni pembe mbaya za propela: mhimili wa giaboksi na wa difu unatakiwa uwe sambamba, na anayefunga giaboksi isiyo ya asili husahau jambo hilo. Ukirudi, acha injini ingurume palepale dakika ishirini kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Joto likae kati ya digrii 88 na 100 hivi za Selsiasi. Likipanda kuelekea 110, mfumo wa kupoza hautoshi, na safari zako za mbali zitaishia kwenye foleni ya kwanza. Zima, subiri dakika kumi, washa tena. Magari mengi yaliyobadilishwa vibaya yanafeli hapo.

Unganisha kisomaji kwenye tundu la OBD-II (la kusomea kompyuta ya injini) kama lipo. Taa ya hitilafu kutowaka hakuthibitishi kitu, kwa sababu aliyeprogramu kompyuta anaweza kuzima misimbo anayoitaka. Tazama takwimu zinazotembea: marekebisho ya mafuta yakipita asilimia 10 juu au chini, programu au hewa ina kasoro. Uliza pia kama kompyuta imefungwa kwa nenosiri na nani analo. Ukinunua gari ambalo fundi mmoja tu ndiye anayeweza kuligusa, umemnunua na fundi.

Turudi kwenye fedha. Takwimu yako ya 60,000 hadi 75,000 isafishe kwanza. Ondoa yale ambayo mnada uliishia na dau bila kuuzwa, maana hiyo si bei. Angalia kama ada ya mnunuzi imejumuishwa. Kwenye minada ya ukumbini kama Mecum na Barrett-Jackson mara nyingi ni karibu asilimia 10 juu ya bei ya nyundo (dau lililoshinda), kwa hiyo 70,000 ya nyundo ni kama 77,000 mfukoni. Linganisha 1969 kwa 1969, paa la chuma kwa paa la chuma, sindano kwa sindano. Ukibaki na magari matano ya kweli una kitu cha kumwonyesha.

Bila kuliona, mimi ningeligawa hivi. Bodi ikifaulu yote, picha za chuma kitupu zipo, nyaya ni safi, na giaboksi imeimarishwa, 75,000 ni bei ya haki, na kwa mtu kama wewe asiyenunua ili auze, 80,000 ndiyo dari. Bodi ikifaulu lakini nyaya ni za kubahatisha na giaboksi ni ya kawaida, anza na 68,000 uliyoikuta katikati ya soko, toa elfu tano za nyaya, toa elfu nne au tano za giaboksi, na uishie karibu 58,000. Atakasirika. Mwachie namba yako ya simu. Bodi ikifeli, usijadili bei yoyote. Na 89,000 sioni njia ya kuihalalisha, labda SS iwe ya kweli kwa karatasi na injini yake ya asili iwe ndani ya mauzo.

Una njia nyingine pia. Kununua Camaro ya kawaida inayotembea na kuijenga polepole kutakupa gari la ladha yako, ila jumla itapita 80,000 na muda mwingi litakuwa juu ya mawe. Ama, ikiwa unachotafuta ni mvumo wa LS3 na safari ndefu, Camaro SS ya 2010 hadi 2015 yenye gia za mkono inayo injini hiyohiyo, farasi 426, ikiwa na mifuko ya hewa, ABS na vipuri vya duka lolote, kwa sehemu ndogo ya fedha hizi. Haina sura ile, najua. Lakini ulisema safari za mbali, na gari la 1969 lililobadilishwa litakudai uwe na kisanduku cha spana kila mara.

Usitegemee macho yako tu, wala haya niliyoandika. Ajiri mkaguzi wa kujitegemea anayejua magari ya miaka hiyo, asiyependekezwa na muuzaji, na gari lipandishwe kwenye lifti. Mwombe kwanza mfano wa ripoti aliyowahi kuandika. Yenye picha mia na vipimo vya rangi kila paneli ndiyo unayoilipia. Gharama ni mamia ya dola, ukilinganisha na makumi ya maelfu. Jina kwenye hati ya umiliki lazima liwe la anayekuuzia, na namba zote 13 zilingane na za dashibodi. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, au ribiti zikikutia shaka, usitoe amana hadi ofisi ya usajili ya jimbo lako ikuambie kama italisajili.

Kabla hujatuma fedha, ipigie pia kampuni ya bima. Bima ya kawaida hulipa thamani ya soko kwa makadirio yao, nao hawatajua LS3 ni nini. Taka bima ya thamani iliyokubaliwa, ambapo kiasi kinaandikwa kwenye mkataba mapema. Watumie ripoti ya mkaguzi na picha, uwaambie bei unayotaka kulipa. Wakikataa kuiandika, mrudie muuzaji na takwimu watakayokubali wao, na mzungumze kutokea hapo.